Southwest na Boeing 737: Ndege moja iliyozaa nauli nafuu

BOEING 737 ni ndege ya abiria yenye ujia mmoja katikati na viti vitatu kila upande. Ndiyo pia ndege ambayo shirika la Southwest la Marekani limeitegemea tangu lilipoanza safari zake mwaka wa 1971. Mashirika mengi duniani yameinunua, lakini hakuna lililofungamana nayo kama hilo la Texas. Kutokana na uhusiano huo zilipatikana nauli ambazo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuzimudu. Uhusiano huo huo ulichangia kuamua jinsi ndege yenyewe ilivyoundwa miaka iliyofuata, hadi kufikia toleo la Max, ambalo ajali yake ya pili iliwaua watu waliokuwa safarini kuja Nairobi.

Ndege ya kwanza ya aina hii iliruka tarehe 9 Aprili 1967, na shirika la Ujerumani, Lufthansa, likaanza kuitumia Februari 1968. Boeing iliikusudia kwa safari fupi na viwanja vidogo ambavyo havikuwa na vifaa vingi. Kwa sababu hiyo wahandisi waliiweka karibu na ardhi, injini zikiwa zimebanwa chini ya mabawa, ili wapakiaji waingize mizigo wakiwa wamesimama chini na fundi aifikie injini bila kupanda ngazi ndefu. Ufupi huo wa miguu ulikuwa sifa njema wakati huo. Baadaye ndio uliowaumiza wahandisi vichwa kwa miongo kadhaa.

Southwest ilisajiliwa mwaka huo huo wa 1967, kwa jina la Air Southwest, na mfanyabiashara Rollin King pamoja na wakili Herb Kelleher. Nia yao ilikuwa kuunganisha miji mitatu ya Texas: Dallas, Houston na San Antonio. Hila ilikuwa katika mipaka. Enzi hizo serikali kuu ya Marekani ndiyo iliyopanga nauli na njia za ndege zilizovuka kutoka jimbo moja hadi jingine. Shirika ambalo halikutoka nje ya jimbo lingeweza kujipangia bei. Shirika la PSA la California lilikuwa limekwisha kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

Washindani watatu, Braniff, Continental na Trans-Texas, walikimbilia mahakamani kuzuia ndege hizo zisiruke. Kesi ilipanda ngazi moja baada ya nyingine, na mtaji ukaliwa na gharama zake kabla ya tiketi hata moja kuuzwa. Mahakama ya Juu ya Texas iliipa Southwest ushindi mwaka wa 1970, na Desemba ya mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya wapinzani. Safari za kwanza zilifanyika tarehe 18 Juni 1971 kwa ndege tatu za 737-200. Boeing, iliyokuwa na ndege zilizokosa wanunuzi wakati biashara ilipodorora, ilikubali kuziuza kwa bei ya chini na kwa mkopo.

Ndege ya nne iliongezwa mwaka huo, lakini mapato hayakutosha, na mwaka wa 1972 ikauzwa ili shirika lisifilisike. Hapo ndipo lilipozuka jambo lililoijengea Southwest jina. Badala ya kupunguza safari, wakuu wake waliamua kwamba ratiba ya ndege nne itatimizwa na ndege tatu. Hesabu ilionyesha kuwa hilo litawezekana iwapo ndege itakaa uwanjani dakika 10 tu kati ya kutua na kuruka tena. Katika muda huo abiria walishuka, mizigo ikatolewa na mingine kupakiwa, ndege ikasafishwa na abiria wapya wakaketi. Viti havikuwa na namba: aliyewahi kuingia alichagua, naye aliyechelewa akakaa palipobaki. Wengi walidhani huo ni ubahili. Kumbe foleni isiyotafuta namba za viti huingia upesi zaidi.

Mantiki yake ni nyepesi. Ndege iliyoegeshwa haiingizi senti, ilhali deni lake linaendelea kudaiwa na mishahara ya wahudumu inaendelea kulipwa. Ukipata safari moja au mbili zaidi kwa siku kutoka kwa ndege ile ile, gharama ya kila kiti hushuka, nawe unaweza kuteremsha nauli na bado ukabaki na faida. Southwest ilipata faida yake ya kwanza mwaka wa 1973, kisha ikaendelea kupata faida kila mwaka hadi 2019. Ni janga la Covid-19 la mwaka wa 2020 lililoukata mfululizo huo wa miaka 47. Katika biashara ya ndege, ambako mashirika makubwa hufilisika mara kwa mara (Braniff yenyewe ilianguka mwaka wa 1982), rekodi hiyo haina mfano.

Nguzo ya pili ilikuwa kutumia aina moja ya ndege. Rubani yeyote wa Southwest angeweza kuingia katika ndege yoyote ya shirika, na fundi wa Dallas alijua kila msumari wa ndege iliyoharibika Houston. Ghala lilihitaji vipuri vya namna moja tu. Ndege moja ikikwama, nyingine ilichukua nafasi yake bila kubadilisha wafanyakazi. Isipokuwa Boeing 727 chache zilizokodishwa kwa vipindi vifupi, shirika halikuiacha kanuni hiyo. Liliponunua shirika la AirTran mwaka wa 2011, lilirithi ndege 88 za Boeing 717, ambazo zilikuwa nzima na bado zenye miaka mingi ya kazi. Hazikubakishwa, zilipelekwa kwa Delta.

Mwenendo huo uliigwa na Ryanair barani Ulaya na wengine kwingineko. Hapa Kenya, Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza safari zake Aprili 2014 kwa 737-300, kabla ya kugeukia Dash 8, ndege ya rafadha inayofaa zaidi kwa masafa mafupi ya humu nchini.

Hata hivyo, kuruka mara nyingi kwa siku kuna madhara yake. Kila ndege inapopaa hujazwa hewa ndani, na inapotua hewa hiyo hupunguzwa. Bati lake hutanuka na kunywea mara maelfu hadi nyufa zinapoanza. Mwaka wa 2008 ilibainika kuwa Southwest ilikuwa imerusha ndege 46 bila kuzikagua nyufa hizo ipasavyo, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa faini ya dola milioni 7.5. Tarehe 1 Aprili 2011 paa la 737-300 lilipasuka angani baada ya ndege hiyo kuondoka Phoenix, ikalazimika kutua Yuma. Abiria wa kwanza kuuawa na ajali katika ndege ya Southwest alifariki tarehe 17 Aprili 2018, pale kipande cha injini kilipovunja dirisha.

Lakini tatizo kubwa zaidi lilitokana na ile miguu mifupi. Southwest ilikuwa miongoni mwa mashirika mawili ya kwanza kuagiza 737-300, mwaka wa 1981. Injini yake mpya ilikuwa pana mno, hata ikabidi kifuniko chake kibapazwe upande wa chini ili kisiguse ardhi. Mwaka wa 1993 agizo lake la ndege 63 lilizindua 737-700. Kila mara shirika lilitaka ndege iliyo bora, ila isiyokuwa tofauti kiasi cha kuwarudisha marubani darasani.

Airbus ilipotangaza A320neo Desemba 2010, Boeing ilijibu mwaka uliofuata kwa 737 Max, na Southwest ikawa mteja wake wa kwanza. Injini za Max ni kubwa zaidi, kwa hivyo zilisogezwa mbele na juu ya zilipokuwa. Mahali hapo papya paliifanya ndege ielekee kuinua pua katika hali fulani. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa programu iitwayo MCAS, ambayo huisukuma pua chini. Programu hiyo ilisikiliza kifaa kimoja tu cha kupima pembe ya ndege angani, na marubani hawakuelezwa kwamba ipo.

Uchunguzi wa kamati ya Bunge la Wawakilishi la Marekani, uliochapishwa Septemba 2020, ulifichua sababu mojawapo ya usiri huo. Katika mkataba wa mwaka wa 2011, Boeing iliiahidi Southwest punguzo la dola milioni moja kwa kila ndege iwapo wasimamizi wangelazimisha marubani wa Max wafunzwe katika mitambo ya kuigiza urukaji. Kampuni ilikuwa na kila sababu ya kuhakikisha mafunzo hayo hayahitajiki.

Max ya Lion Air ilianguka baharini nchini Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018, watu 189 wakafa. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuondoka Addis Ababa. Wote 157 waliokuwamo walikufa. Wakenya walikuwa zaidi ya 30, idadi iliyozidi ya nchi nyingine yoyote.

Siku tatu baadaye Marekani nayo iliamuru Max zisiruke, na Southwest, yenye 34, ndiyo iliyokuwa na nyingi zaidi nchini humo. Ziliporuhusiwa tena Novemba 2020, MCAS ilikuwa imerekebishwa ili isikilize vifaa viwili, nao marubani wakatakiwa kupitia kwanza mitambo ile ya mafunzo. Southwest ilizirejesha angani tarehe 11 Machi 2021.