Mapigano ya Kisii na Mnara Uliojengwa Mbali

Mji wa Kisii, ambao Abagusii wenyewe huuita Bosongo, na ambao dola ya Kiingereza iliufanya makao ya utawala wake mwaka 1907 pale Getembe, ulikuwa bado boma changa lenye ofisi chache na maduka ya Wahindi ulipofikiwa na vita vilivyozuka Ulaya. Mwezi wa Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka likalitwaa boma. Na tarehe 12 askari wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliosafiri kwa meli kutoka Kisumu hadi Kendu kisha wakapanda milima kwa miguu, waliwashambulia chini ya Kapteni Thorneycroft, ambaye aliuawa katika mapigano yale. Wajerumani nao, kwa hasara waliyoipata, wakarejea kusini.

Waingereza nao wakaondoka, boma likabaki bila mlinzi, na wenyeji wakaliingia wakachukua mali, wala hawakuisaza misheni ya Nyabururu. Mimi siwalaumu. Haikuwa imetimia miaka saba tangu Januari 1908, Mgusii Otenyo alipomchoma mkuki Northcote, mtawala wa wilaya, kwa uchochezi wa nabii Moraa, na serikali ikalipiza kwa moto na risasi. Jeraha lile lilikuwa bichi. Waingereza waliporudi walichoma nyumba, wakateka ng'ombe, na vijana wengi wa Gusii, tangu Bonchari hata Mugirango ya Kaskazini iliyo leo Nyamira, wakatiwa katika jeshi la wapagazi.

Wapagazi hao walibeba unga na risasi hata Tanganyika ya kusini, na katika vita vile wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa ni zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa bunduki. Vita vilipokwisha, Tume ya Makaburi ya Vita haikuwachongea mawe yenye majina kama ilivyowafanyia maofisa wa Kizungu. Iliamua wakumbukwe kwa jumla, kwa minara mitatu, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ule wa Nairobi, uliozinduliwa mwaka 1928, una sanamu tatu za shaba za James Alexander Stevenson juu ya msingi wa mawe, mojawapo ikiwa ya mpagazi. Na maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanaahidi kwamba watoto wa waliokufa watayakumbuka majina yao. Ahadi njema, lakini jina lenyewe, hata moja, halikuandikwa pale, na mjukuu wa mpagazi wa Nyamira akienda kulitafuta atarudi mikono mitupu.

Basi nasema kwamba mnara wa mapigano ya Kisii ujengwe Kisii, kwa jiwe la Tabaka, ambako wachongaji hulikata likiwa na unyevu, wakalichonga kwa panga na visu, wakalisugua majini kwa msasa mpaka likang'aa. Majina na yakusanywe kwa wazee, ukoo kwa ukoo, pamoja na ya waliouawa mwaka 1908. Na kwa kuwa jiwe hilo ni laini, hukwaruzwa hata kwa ukucha, msingi uwe wa jiwe gumu la vilimani, herufi zichimbwe kwa kina, na juu pajengwe paa.