Kudunga au kukabidhi?

Mwaka 2004 Martin Fowler aliipa mbinu ya kukipa kipande cha programu vifaa kinavyohitaji, badala ya kukiacha kivitafute chenyewe, jina "dependency injection", ambalo waandika programu wetu hulitafsiri haraka "kudunga tegemezi". Neno hilo silikubali. Tegemezi ni yule anayetegemea, ilhali kinachotolewa hapa ni kile kinachotegemewa. Mimi nasema kukabidhi: fundi haendi dukani kununua nyundo, anakabidhiwa anapoingia kazini.

Uzito wa neno unaonekana kwenye kazi za nyuma ya pazia, mathalani kutuma barua pepe mteja akiwa ameshaondoka. Katika ASP.NET Core, mfumo wa kujengea programu za wavuti, kazi hiyo huishi tangu programu inapowashwa hadi inapozimwa. Kiungo cha hifadhidata, kwa kawaida, huishi kwa ombi moja tu. Ukimkabidhi mlinzi wa usiku kucha mshumaa wa dakika tano, umemkosea. Mpe kiberiti na boksi la mishumaa: kila mzunguko afungue kikao kipya (scope), achukue kiungo, akitumie, kisha afunge kikao na kiungo kiondoke nacho.

Kudunga ni tendo la upande mmoja. Kukabidhi kuna makabidhiano, na kwenye makabidhiano lazima ijulikane kitu kinarudishwa lini.