Paka Nambari 400

Kabla ya seli kulikuwa na paka. Pale Minamata, mji wa wavuvi kusini mwa Japani, miaka ya 1950 paka walianza kuzunguka ovyo na kutetemeka, wengine wakatumbukia baharini. Mwaka 1956 ugonjwa ukathibitishwa kwa watu. 1959, Hajime Hosokawa, daktari wa kiwanda cha Chisso, alichanganya majitaka ya kiwanda na chakula cha paka nambari 400. Paka akaugua vilevile. Unadhani kiwanda kilifanya nini? Kilinyamaza, kikaendelea kumwaga zebaki hadi 1968.

Lakini kinachoniuma zaidi ni watoto. Mama anakula samaki, yeye yuko sawa tu, kumbe mtoto tumboni ndiye anaibeba ile sumu. Madaktari wengi waliamini kondo la nyuma huizuia. Masazumi Harada alibisha. Japani familia nyingi hukausha kitovu cha mtoto na kukiweka kwenye kisanduku. Sisi tunakizika, ndiyo maana mtu akiulizwa kwao anataja mahali kitovu chake kilipozikwa. Vile vitovu vilipopimwa miaka mingi baadaye, zebaki ilikuwa ndani. Ushahidi ulikuwa umelala kabatini muda wote huo, bana.

Kwani ni lazima tungoje paka, au mtoto? Nusu ya jibu ilikuwepo tayari. Mwaka 1907 Ross Harrison, Mmarekani, alichukua kipande cha tishu ya kiinitete cha chura, akakining'iniza ndani ya tone la limfu chini ya kioo, akaona nyuzi za neva zikichipuka. Neva inaweza kukua nje ya mwili! Mwaka 1976 Greene na Tischler wakatoa PC12, seli za uvimbe wa tezi ya panya ambazo ukizipa protini ya kukuza neva zinaota nyuzi. Hapo kazi ni rahisi kueleza: tia kemikali kwenye sahani, kisha angalia. Nyuzi zimefupika? Seli zimekufa?

Panya si mtu, sawa. Mwaka 2013, kule Vienna, Lancaster na Knoblich walikuza vitufe vya tishu ya ubongo wa binadamu kutoka seli shina, milimita chache tu. Havina mishipa ya damu, na usiviite ubongo. Mwaka 2023 OECD ikatoa mapendekezo ya kwanza ya jinsi ya kusoma matokeo ya seti ya vipimo vya seli kama hivi.

Ila pale Owino Uhuru, Mombasa, hakuna aliyehitaji sahani. Madhara ya risasi kwa ubongo wa mtoto yalijulikana kitambo, na bado kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa kando ya nyumba za watu. Phyllis Omido alifanya kazi humo. Mwanawe akaugua, akapimwa damu, ikakutwa na risasi. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.