Tunamlilia Nani?

Mwaka 2002 Pedro Almodóvar alitoa Hable con ella. Akademia ya Filamu ya Hispania haikuituma kuwania Oscar. Ilipeleka Los lunes al sol, kisa cha wajenzi wa meli waliopoteza ajira. Machi 2003, Almodóvar akatwaa Oscar ya mswada.

Ugenini walisifu rangi, muziki na huruma kwa Benigno, muuguzi anayempenda Alicia aliyepoteza fahamu, kisha anambaka. Ubakaji wenyewe hatuuoni: tunaoneshwa filamu bubu ya kubuni. Wapo waliouliza, nami nauliza nao: urembo huu unamfunika nani? Watazamaji walitoka wakimlilia Benigno. Alicia anazinduka, lakini filamu haimpi nafasi ya kusema lolote kuhusu lililompata.