Ukioishaji: Taka Inapogeuka Kioo

Ukisikia taka za nyuklia zimetiwa ndani ya kioo, usidhani ni chupa iliyojazwa uchafu ikazibwa. Taka haikai humo kama njugu katika kashata. Huyeyushwa pamoja na malighafi ya kioo kwenye joto la takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi, atomi zake zikaingia katika umbo la kioo chenyewe. Ndiyo maana napendekeza istilahi ukioishaji, kutokana na kukioisha, yaani kukifanya kitu kiwe kioo. “Ufungiaji” hauelezi jambo hilo.

Vioo havifanani. Chupa ya soda inayookotwa kwenye jaa la Dandora ni silika, chokaa na magadi. Kisogo cha televisheni ya zamani, kile ambacho wauza skrapu huvunja wakitafuta shaba, kina oksidi ya risasi takriban asilimia 20, iliyowekwa ili kuzuia eksirei. Kioo cha R7T7, kinachotumiwa kukioisha taka za nyuklia La Hague, Ufaransa, kina silika karibu asilimia 45, oksidi ya boroni 14 na oksidi ya sodiamu 10. Taka na oksidi nyingine hujaza nafasi iliyobaki. Boroni hushusha joto la kuyeyushia, ili seziamu iliyo katika taka isitoroke kwa wingi ikiwa mvuke. Molibdenamu ya taka ikizidi, hujitenga ikawa tabaka la manjano linaloyeyuka majini upesi.

Kwa hiyo kioo lazima kichanganuliwe. Kipande hupigwa eksirei, na kila elementi hutoa miale inayoitambulisha. Kingine hutwangwa, kikatiwa katika maji ya nyuzi 90 za Selsiasi kwa siku 7, kisha maji yakapimwa boroni. Boroni ikishatoka haishikwi tena na kioo, hivyo wingi wake majini huonyesha kioo kimeliwa kiasi gani. Kutoka huku kwa elementi na kuingia majini nakuita uchujukaji, kwa kuwa kitambaa nacho huchujuka rangi.

Kenya haina mtambo wa kukioisha. Vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi huhifadhiwa Oloolua, Ngong. Lakini uchujukaji unatuhusu Eastlands leo. Kisogo cha televisheni kikisagwa, risasi yake huchujuka pia. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilitoa utafiti wa watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora: nusu yao walikuwa na risasi damuni kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Walimu wa sayansi wa Dandora, Kariobangi na Umoja, wafundisheni wanafunzi maneno haya mawili, ili wakiona kioo jaani waulize kina nini na kinachujuka kiasi gani.