Boti za starehe: sababu gani bei imeanguka Marekani na Ulaya, na sisi inatugusa wapi?

Msikilizaji wetu mmoja wa Uvira alituma swali kwenye redio. Muramu wake anaishi Marekani, anafanya kazi kule. Alimupigia simu na kumuambia boti zimeshuka bei sana, wachange pesa, wanunue moja, waitume mpaka Tanganyika. Msikilizaji anauliza kama ni kweli, na kama huo mpango unafaa. Kwenye antena tulimujibu kwa kifupi. Hapa tunaeleza kwa urefu, sababu nyuma ya swali lake kuna mambo mengi.

Jibu la haraka: ndiyo, ni kweli, bei zimeshuka. Lakini boti ile na boti yetu hazifanane, na bei ndogo ya kule inaweza kukulia pesa mingi kuliko ile ulifikiria.

Boti ya starehe ni nini?

Ni boti mtu ananunua kwa kutembea na familia siku ya mapumziko, kuvua samaki kwa kujifurahisha, ama kuvutwa juu ya maji kwa kamba. Haibebe mizigo, haitafute pesa. Marekani peke yake iko na boti karibu milioni 12 zilizoandikishwa. Usifikiri ni za matajiri tu. Nyingi ni ndogo, chini ya metre 8, na wenyewe ni watu wa mshahara: fundi, mwalimu, dereva wa lori. Anaivuta nyuma ya gari kwa remorki mpaka ziwani, jioni anairudisha nyumbani.

Hapo ndipo udhaifu wa hilo soko uko. Mtu wa mshahara ananunua boti kwa deni ya banki, na boti si chakula, si nyumba, si gari ya kwenda kazini. Maisha ikikaza, boti ndiyo kitu cha kwanza anasema: tutaona mwaka ujao.

Corona iliipandisha, riba ikaishusha

Mwaka wa 2020, wakati wa Corona, watu walikatazwa safari, mahoteli na sinema zilifungwa. Lakini ziwani mtu anaweza kwenda na watoto wake bila kukaribiana na wengine. Na serikali ya Marekani ilikuwa imegawia raia pesa. Basi watu wakakimbilia boti. Mwaka huo ziliuzwa boti mpya za motere zaidi ya 310,000, hesabu ambayo haikuonekana tangu mbele ya mgogoro wa 2008. Mwaka wa 2021 wauzaji walikuwa na orodha ya kliyenti wanaongoja, lakini boti hakuna. Motere zilikosekana, vipande vilikosekana, bei ikapanda.

Kisha mambo yakageuka. Bei ya vitu vyote ilipanda, na banki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba ili kuituliza. Mwezi wa tatu 2022 riba yake ilikuwa karibu na sifuri. Mwezi wa saba 2023 ilifika kati ya 5.25 na 5.50 kwa mia, na ikabaki hapo mpaka mwezi wa tisa 2024.

Tufanye hesabu ili tuelewe vile inauma. Tuseme mtu anakopa dola 50,000 kwa miaka 15. Kwa riba ya 4.5 kwa mia, kila mwezi atalipa kama dola 382. Kwa riba ya 8.5 kwa mia, atalipa kama dola 492. Boti ni ile ile, lakini kila mwezi kuna dola 110 zaidi, na kwa miaka 15 zinakaribia dola 20,000. Na hajalipa bado esansi, asiransi, pakingi ya boti na matengenezo ya kila mwaka. Tajiri anayelipa kesh hatasikia sana. Mtu wa mshahara atasikia, na kwa hiyo boti ndogo ndizo ziliumia zaidi.

Stoki ilijaa kwa wauzaji

Wakati boti zilikuwa zinakosekana, wauzaji waliagiza nyingi ili wasipoteze kliyenti. Usine zilichelewa kuzitoa. Zilipofika hatimaye, kliyenti alikuwa amerudi nyumbani.

Mama anayeuza nguo sokoni anaelewa hili vizuri. Ukichukua balo kwa deni, halafu watu hawanunue, kila siku balo linalala ni siku deni inakula faida yako. Muuzaji wa boti ni vile vile. Boti zinazopangwa mbele ya duka lake, nyingi hazijalipwa: alikopa pesa za kuzileta, na analipia riba mpaka ziuzwe. Riba ikipanda, heri auze kwa faida ndogo kuliko kuziangalia.

Anapopunguza bei ya boti mpya, za okazio nazo zinashuka. Nani atalipa pesa nyingi kwa boti ya miaka 3 kama mpya iko karibu na bei hiyo? Na yule aliyenunua mwaka wa 2021 wakati bei iko juu, anakuta deni yake kwa banki inapita bei ya boti yenyewe. Hawezi kuuza, na hawezi kuacha kulipa.

Usine zilipunguza, wafanyakazi walilipa

Hesabu za kampuni zenyewe zinaonyesha. Malibu Boats, ya jimbo la Tennessee, iliuza boti 9,863 katika mwaka wake wa hesabu ulioisha mwezi wa sita 2023. Mwaka uliofuata iliuza 5,385. MasterCraft, ya jimbo hilo hilo, ilitoka dola milioni 662 ikafika karibu milioni 367. Brunswick, kampuni kubwa inayotengeneza motere za Mercury, ilitoka dola bilioni 6.4 mwaka wa 2023 ikafika bilioni 5.2 mwaka wa 2024. Ufaransa, kampuni ya Beneteau nayo ilipunguza masaa ya kazi kwenye usine zake.

Nyuma ya hizo hesabu kuna watu. Boti ikikosa kliyenti, usine inafunga siku moja kwa wiki, kisha inasimamisha watu. Wakongomani ni kati ya makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani katika miaka iliyopita, na wengi walianzia maisha kwenye kazi za usine. Ndugu yako akikuambia masaa yamepunguzwa, usifikiri anakataa kusaidia. Hata usine isiyo ya boti inaweza kuguswa na riba hiyo hiyo.

Si mara ya kwanza

Wazee wa hiyo biashara wameona mengine. Tangu mwezi wa kwanza 1991, serikali ya Marekani ilitoza taksi ya 10 kwa mia juu ya boti za starehe, kwa sehemu ya bei inayopita dola 100,000. Walitaka kugusa matajiri. Matajiri wakaacha tu kununua, uchumi nao ulikuwa mbaya, na wenye kuumia wakawa mafundi wa usine. Taksi hiyo ilifutwa mwaka wa 1993.

Kisha ikaja 2008. Banki zilianguka, mikopo ikakauka. Brunswick, iliyouza dola bilioni 5.7 mwaka wa 2007, mwaka wa 2009 iliuza bilioni 2.8 tu. Mwezi wa sita 2009 Genmar, kampuni nyingine kubwa, ilikimbilia tribinali kuomba ulinzi juu ya madeni yake.

Na hapa kwetu?

Turudi kwa msikilizaji wetu na muramu wake. Mbele ya kutuma pesa, wajiulize mambo haya.

*Njia.* Boti itaingia kontena, ipite bahari mpaka Dar es Salaam, kisha barabara ama reli mpaka Kigoma, kisha ziwa. Kila kituo kina malipo, na duane inangoja mwishoni.

*Motere.* Kwenye ziwa Kivu na Tanganyika tunajua motere ndogo ya kuchanganya esansi na oyili, ambayo fundi anaifungua palepale kandokando ya maji. Motere za namna hiyo haziuzwi tena mpya Marekani, sababu ya sheria za uchafuzi wa hewa. Boti za kule nyingi ziko na motere kubwa zenye elektroniki. Zinakula esansi mingi, na zikikatika zinataka ordinateri kujua ugonjwa.

*Mwili wa boti.* Ni fiba. Ubao wetu ukipasuka, fundi anapigilia mwingine. Fiba inataka dawa yake na mtu aliyejifunza.

*Uzito.* Hili ndilo zito kuliko yote. Boti ya starehe inahesabiwa watu 6, 8, ama 10, na hesabu imeandikwa kwenye kibao ndani yake. Akiileta huku ili itafute pesa, jaribu la kuongeza watu na magunia litakuja siku ya kwanza. Mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wanaiona toka kando. Wengi walikufa. Bei ndogo haisaidie mtu aliye ndani ya maji bila jile.

Kama lazima wachange, na wachange. Lakini waanze hapa: waulize wavuvi na mafundi wa Kalundu ni boti gani inadumu kwenye mawimbi ya Tanganyika na ni motere gani inapata vipande. Wahesabu na bei ya jile kwa kila kiti. Kisha ndipo muramu aangalie bei za Marekani.