Chama Kilipoketi Mahali pa Dini

Si mbali na kwetu Tunguu, katika kijiji cha Dunga, yako magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, aliyefariki mwaka 1865. Humo ziliwekwa ngoma na siwa za enzi, vitu vilivyoogopwa kuliko silaha. Wazee husimulia ya kuwa zamani za Seyyid Said, Mwinyi Mkuu alipofungwa, mvua ilikatika Unguja miaka mitatu, wala haikunyesha hata alipofunguliwa.

Tusiyacheke masimulizi hayo. Kwa watu wa kale utawala, mvua na ibada vilikuwa kamba moja iliyosokotwa. Hata misitu ilikuwa na heshima yake: palipokuwa na mzimu, mtu hakuthubutu kutia shoka. Baadaye kamba ile ikafumuka. Utawala ukawa siasa, msitu ukawa kazi ya serikali, na dini ikaachiwa siku yake ya sala. Lakini moyo wa mwanadamu haukai mtupu. Kikitoka kilichokuwamo, huingia kingine.

Jambo hili lilionekana wazi katika miaka ambayo watu wa Unguja na Pemba waliiita zama za siasa. Mwezi wa Julai 1957 ulifanywa uchaguzi wa kwanza, nao watu wakagawanyika, hawa Hizbu, hawa Afro-Shirazi. Wakaanza kususiana. Duka la mtu wa chama kile halikununuliwa kitu; gari lake halikupandwa. Wakulima wengine wakafukuzwa katika mashamba waliyokuwa wakilima miaka mingi. Kisha likaja lililo zito zaidi: watu wa Mungu mmoja na kitabu kimoja wakakataa kusali pamoja, na jirani akakataa kumzika jirani. Nasi twajua ya kuwa kwa desturi yetu hata adui huzikwa.

Hapo chama kilikuwa kimekwisha kuwa dini. Kilikuwa na bendera yake na nyimbo zake, kikawa na waumini wake na makafiri wake. Mwezi wa Juni 1961 watu 68 waliuawa katika ghasia za uchaguzi. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja mapinduzi, wakafa wengi, na hesabu yao haijaafikiwa hata leo.

Mtu asiseme ya kuwa madai yale yalikuwa ya upuuzi. Mkulima aliyefukuzwa shambani alikuwa na haki ya kulalamika. Tena katika uchaguzi wa 1963 Afro-Shirazi walipata kura zaidi ya nusu, lakini wakapata viti 13 tu katika 31. Kutafuta haki ni jambo jema. Kosa lilikuwa kulikalisha jambo hilo katika kiti cha Mungu. Dini humwanza mtu mwenyewe, ikamwambia, Tubu. Siasa iliyojifanya dini humwonyesha jirani, ikasema, Mwenye dhambi ni yule. Tena haina toba wala msamaha. Aliyekosa hana mlango wa kurudia.

Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, na uchaguzi ukafanywa 1995, ugonjwa ule ulirudi, hasa Pemba. Watu wakasusiana tena hata katika misiba. Haukupoa mpaka Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokaa pamoja na kupatana. Tarehe 31 Julai 2010 watu waliulizwa kwa kura kama wataka serikali ya umoja, na zaidi ya 66 katika kila 100 wakakubali.

Sasa tutazame kisiwa cha Misali, karibu na Pemba, kilichotengwa mwaka 1998 ili samaki na matumbawe yake yahifadhiwe. Sheria peke yake haikutosha kuwazuia waliovua kwa baruti. Basi wavuvi wakafundishwa kwa maneno ya dini yao wenyewe, ya kuwa bahari ni amana ya Mungu, na mwanadamu ni mtunzaji tu. Yasemekana jina la kisiwa latoka katika neno msala, kwa kuwa mtu mtakatifu alisali juu yake. Hapo kazi ya kutunza bahari haikuinyang'anya dini kiti chake. Ilikaa miguuni pake, ikapata nguvu.

Nasi Wakristo tusijidhani kuwa salama. Twaweza kuimba Jumapili, na Jumatatu tukamwabudu mgombea. Yuko mtihani mmoja mwepesi. Jirani yako wa chama kingine akifa usiku huu, je, asubuhi utachukua jembe lako uende ukachimbe kaburi? Ukisita, basi jua ni nani aliyeketi moyoni mwako.